Simu iko mkononi, kazi iko wapi?



Ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa familia wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo linalozigusa nyumba nyingi, hasa zile zenye kijana aliyehitimu masomo yake na ambaye bado yupo nyumbani akisubiri ajira. Mzazi amelipa ada kwa miaka mingi, na pengine ameuza kiwanja ili mtoto amalize chuo. Kijana amerudi na cheti, na sasa kutwa nzima ameinamia simu. Akiulizwa anafanya nini, hujibu kwamba anatafuta kazi. Mzazi haliamini jibu hilo, na kijana naye huona hasikilizwi. Manung'uniko huanzia hapo, na yakiachwa huota mizizi.

Kwa hakika, wote wawili wana sehemu yao ya haki. Kijana ana haki kwa sababu matangazo mengi ya kazi siku hizi hutolewa mtandaoni, na nafasi nyingi za utumishi wa umma haziombwi kwa njia nyingine yoyote. Mzazi naye ana haki, kwani kutazama matangazo si kuomba kazi, na kuomba ovyo ovyo ni sawa na kutokuomba. Linalotakiwa ni kijana ajue anachokifanya kwenye simu hiyo, na mzazi ajue vya kutosha ili amsaidie, amshauri na amkinge. Ndiyo makusudio ya makala haya.

Soko lisilo na mlango

Zamani mtafuta kazi alizunguka na bahasha ya kaki kutoka ofisi hadi ofisi. Alichoka, alitumia nauli, lakini alikuwa na faida moja: aliiona ofisi kwa macho yake. Aliona bango, mlinzi, makarani na mafaili. Mtandao umeondoa uchovu wa kutembea, lakini umeondoa pia ule ushahidi wa macho. Ni mfano wa soko kubwa lisilo na mlango wala mlinzi, ambamo mfanyabiashara mwaminifu na laghai wamepanga bidhaa zao bega kwa bega, na vibao vyao vinafanana.

Kwa hiyo mwenye kuingia katika soko hilo ana kazi tatu: kutafuta kwa mpango, kujitambulisha kwa ukweli na unadhifu, na kujilinda. Vijana wengi wamejifunza ile ya kwanza nusunusu, ya pili hawakufundishwa, na ya tatu huifahamu baada ya fedha kwisha kwenda.

Anzia kwenye chanzo

Njia inayotumiwa na wengi ni makundi ya WhatsApp na Telegram yanayosambaza nafasi za kazi. Makundi haya si mabaya, ila yana kasoro mbili. Tangazo linapopita mikono ishirini hupoteza tarehe yake, na mara nyingine hupoteza hata jina la mwajiri. Aidha, kila anayelisambaza hudhani aliyemtumia amelihakiki. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba tangazo la ajira limetolewa katika amri hiyo.

Kanuni ni nyepesi: kundi likutajie habari, kisha wewe uende kwenye chanzo. Kwa Tanzania Bara, nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kupitia mfumo wake wa kielektroniki uitwao Ajira Portal. Zanzibar nayo ina utaratibu wake chini ya Tume ya Utumishi Serikalini. Kitengo cha Huduma za Ajira, kijulikanacho kwa kifupi kama TaESA, huwaunganisha watafuta kazi na waajiri na hutoa mafunzo ya namna ya kujiandaa. Makampuni makubwa, mabenki, hospitali na vyuo huwa na ukurasa wa nafasi za kazi katika tovuti zao wenyewe. Mashirika ya misaada ya kibinadamu hutangaza kwenye ReliefWeb, na Umoja wa Mataifa una tovuti yake ya ajira. Pia kuna LinkedIn, iliyozinduliwa mwaka 2003, ambako waajiri na wafanyakazi hukutana kwa majina yao halisi.

Tunashauri kijana aandike katika daftari waajiri ishirini ambao kwa fani yake wangeweza kumwajiri, kisha atembelee tovuti zao kila wiki kwa zamu. Mwenye stashahada ya maabara ataandika hospitali na maabara binafsi za mkoa wake. Mwenye fani ya ugavi ataandika mamlaka za umma, viwanda na makampuni ya uwakala wa forodha. Orodha ya ishirini unaowafahamu ina manufaa kuliko makundi mia usiyojua anayeyaendesha.

Namna ya kuiuliza mitambo

Mtu akiandika "nafasi za kazi" kwenye Google ataletewa bahari. Huko atakuta matangazo ya miaka mitatu iliyopita na tovuti zinazonakili matangazo ya wengine ili zipate watazamaji. Mitambo hii hujibu kwa kadiri inavyoulizwa. Yapo mambo manne yatakayopunguza taabu.

Kwanza, taja fani na mahali, mathalani "mhasibu msaidizi Tanga", na ujaribu pia kwa Kiingereza, kwani waajiri wengi hutangaza kwa lugha hiyo. Pili, weka maneno ndani ya alama za kunukuu unapotaka yatafutwe kama yalivyo, yote kwa pamoja. Tatu, andika neno site, nukta mbili, kisha go.tz bila kuacha nafasi, halafu maneno yako. Utaletewa kurasa za taasisi za serikali ya Tanzania pekee. Nne, tumia kichujio cha muda ili uletewe matokeo ya wiki moja au mwezi mmoja uliopita. Tovuti nyingi za ajira zina pia huduma ya kukutumia barua pepe pindi nafasi ya fani yako inapotangazwa. Ukijiandikisha mara moja, tangazo litakufuata, nawe utaokoa bando na muda.

Ukishalipata tangazo, lisome lote. Jambo hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo wengi hukwama. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, kwa mfano, hutaja masharti ya jumla mwishoni: ukomo wa umri, kuambatanisha barua ya maombi iliyosainiwa, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, na kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe. Aliyesoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyake viwe vimetambuliwa na mamlaka husika, kama Tume ya Vyuo Vikuu au Baraza la Mitihani. Mwenye kupakia hati ya matokeo mahali pa cheti hujiondoa mwenyewe kabla hajashindanishwa na mtu yeyote.

Jina, anwani na namba ya simu

Kuna maafa ya kimyakimya yanayowapata vijana wengi, nayo huanzia kwenye maduka ya huduma za kompyuta. Kijana hana barua pepe, au amesahau nywila yake. Anamwomba mhudumu wa duka amfungulie akaunti. Mhudumu, kwa haraka, anatumia barua pepe yake mwenyewe na kuweka nywila anayoijua yeye. Miezi mitatu baadaye wito wa usaili unaingia katika sanduku ambalo mwombaji hawezi kulifungua, na mhudumu yule amekwisha kuhama mtaa. Kijana anabaki kusema kwamba kazi hutolewa kwa kujuana, ilhali aliitwa na hakusikia.

Basi kila mtafuta kazi awe na barua pepe yake, yenye jina lake halisi. Majina ya utani yaliyofaa shuleni hayafai mezani kwa mwajiri. Nywila iandikwe mahali salama nyumbani. Namba ya simu iwe ile ambayo hataiacha, na akibadilisha laini, kazi ya kwanza iwe kwenda kurekebisha taarifa zake katika kila mfumo aliojiandikisha. Barua pepe ifunguliwe kila siku, pamoja na lile kasha la barua taka, kwani wito wa kweli hupotelea humo mara nyingine.

Lingine ni tofauti za majina. Katika familia zetu jambo hili hutokea sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule kinasema Muhammad, kitambulisho cha Taifa kinasema Mohammed, na jina la babu limeandikwa kwenye hati moja na kuachwa kwenye nyingine. Nyumbani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Mwombaji ambaye majina yake yanatofautiana hutakiwa kuleta hati ya kiapo ya kuthibitisha majina iliyosajiliwa kisheria. Usingoje kuitwa kwenye usaili ndipo uanze kumtafuta wakili. Wazazi, yatazameni majina hayo tangu mtoto akiwa darasa la kwanza.

Nyaraka nazo zinadiwe vizuri, moja moja, katika muundo wa PDF, na kila faili lipewe jina linaloeleweka: jina la mwombaji, kisha aina ya cheti. Ziwekwe katika simu na nakala yake ihifadhiwe kwenye barua pepe. Siku ya mwisho ya maombi si siku ya kwenda kutafuta mashine ya kunakili. Mifumo huelemewa siku hiyo, umeme hukatika, na saa sita usiku haimngojei mtu.

Wasifu uonyeshe kazi

Wasifu wa vijana wengi umenakiliwa kutoka kwa mwenzao. Wote ni "wachapakazi", wote "wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo", na wote wanapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. Mwajiri mwenye maombi mia tatu mbele yake hawezi kuwatofautisha. Makampuni mengine hutumia programu ya kuchuja wasifu kwa kulinganisha maneno ya tangazo na maneno ya mwombaji. Wasifu uliorembwa kwa visanduku na picha huweza hata kutosomeka humo.

Chukua mfano wa kijana mwenye stashahada ya uhasibu aliyemsaidia ami yake katika duka la vipuri vya pikipiki. Aghalabu huandika: "Nilifanya kazi dukani." Ama angeweza kusema kweli ile ile kwa namna inayomsaidia mwajiri: "Kwa miezi kumi niliandika mauzo ya kila siku, nilitoa risiti kwa mashine ya EFD, nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kuandaa taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani kwa ajili ya msimamizi." Hakuna hata neno moja la uongo hapo, endapo kweli aliyafanya. Tofauti ni kwamba sasa mwajiri anaiona kazi.

Na hapa tuseme wazi: kama hakuyafanya, asiyaandike. Kuongeza mwaka wa uzoefu usiokuwapo, au kudai kujua programu ambayo hukuwahi kuifungua, ni ushahidi wa uongo uliotiwa saini. Kwa upande wa dunia, taarifa za kughushi katika maombi ya utumishi wa umma huweza kumfikisha mtu mbele ya sheria. Kwa upande wa dini, ni vigumu kuona mshahara uliopatikana kwa mlango huo utabarikiwa vipi.

Kila ombi lipewe barua yake. Barua moja inayotumwa kwa waajiri hamsini hujulikana upesi, hasa pale jina la kampuni ya jana linapobaki katika barua ya leo. Maombi matano yaliyoandikwa kwa utulivu yana uzito kuliko hamsini yaliyorushwa kama mbegu njiani.

Mtandao haujafuta udugu

Wapo wanaodhani kwamba ujio wa intaneti umewafanya watu wasihitajike. Waajiri wengi bado huwauliza wafanyakazi wao kama wanamfahamu mtu anayefaa kabla ya kutangaza nafasi. Jambo hilo si lazima liwe upendeleo. Ni kutaka kumpata mtu ambaye kuna anayemjua. Mtandao hukusaidia kujulikana na wasiokujua.

Katika LinkedIn, kwa mfano, unaweza kutafuta watu waliosoma chuo chako na kuona wanafanya kazi wapi leo. Mwandikie mmoja wao ujumbe mfupi wa heshima: umjulishe kwamba mmesoma chuo kimoja na fani moja, kwamba umemaliza mwaka jana, na umwulize ni ujuzi gani hasa unaohitajika katika idara yake ili ujiandae. Usimwombe kazi katika ujumbe wa kwanza. Watu hukimbia maombi, lakini wengi hupenda kuulizwa ushauri. Wakijibu watatu kati ya kumi, umepata walimu watatu bila ada.

Mabinti wanaoona uzito kuweka picha zao mtandaoni wafahamu kwamba wasifu wa LinkedIn huweza kutumika bila picha, na anayeweka picha anaweza kuweka ile ya staha akiwa na hijabu yake. La maana ni kwamba maelezo ya elimu na ujuzi yawe kamili. Vilevile kila mtafuta kazi azitazame kurasa zake za Facebook, Instagram na TikTok kwa jicho la mgeni, kwani mwajiri naye hutafuta majina. Matusi ya mechi ya watani wa jadi uliyoyaandika miaka miwili iliyopita bado yapo.

Dalili za laghai

Sasa tuje kwenye lile linaloziumiza familia zaidi. Mwenye shida ya kazi ana matumaini, na laghai hula matumaini ya watu. Ujumbe huja: umechaguliwa, usaili ni kesho kutwa, tuma shilingi elfu thelathini za fomu, au za vipimo vya afya, au za sare. Kijana anaona haya kumwambia baba. Anamwendea mama, na mama anatoa fedha ya kikoba. Ikishatumwa, unakuja ujumbe wa pili unaodai nyingine ya kumalizia. Mwisho simu inazimwa.

Kanuni ya kwanza: mwajiri wa kweli hulipa, halipwi. Umoja wa Mataifa hutamka katika matangazo yake kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Ni kweli mtu aliyeitwa kwenye usaili wa serikali hujigharamia nauli, chakula na malazi. Lakini hizo ni gharama zake mwenyewe, hazitumwi kwa namba ya mtu.

Kanuni ya pili: soma anwani ya tovuti kutoka mwisho wake. Tuliosoma madrasa tumezoea kuanza kulia kwenda kushoto, na hapa mazoea hayo yanafaa. Tazama sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma. Taasisi ya serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Anwani yenye maneno "ajira" na "serikali" mwanzoni lakini ikaishia na kitu kingine si ya serikali, hata ikibandikwa Ngao ya Taifa. Barua pepe nayo ni vivyo hivyo: shirika kubwa haliajiri kwa anwani ya bure ambayo kila mtu anaweza kuifungua kwa dakika mbili.

Kanuni ya tatu: tafuta mwajiri kwa njia nyingine. Chukua namba ya simu kutoka tovuti rasmi, si ile iliyomo katika ujumbe, upige uulize. Usajili wa kampuni huweza kuulizwa kwa BRELA. Wakala wa ajira aulizwe leseni yake, na leseni hiyo ihakikiwe kwa mamlaka ya kazi. Nchini Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira ndiyo yenye jukumu la mawakala wa aina hiyo.

Kanuni ya nne: linda taarifa zako. Namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, namba ya siri ya simu na ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe si vitu vya kumpa usiyemjua. Kitambulisho chako huweza kusajili laini, na laini ikatumika katika uhalifu. Kila mtu anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa kazi hiyo, na aliyekwisha kuibiwa aende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo. Kutapeliwa si aibu. Kunyamaza ndiko kunakompa laghai nafasi ya kumwendea jirani.

Kwa mabinti tunaongeza neno. Usaili haufanyiki chumbani hotelini, wala nyumbani kwa mtu, wala usiku. Ukiitwa mahali usipopajua, nenda na ndugu akusubiri nje, na uache nyumbani jina la mwajiri, mahali na saa. Anayetaka picha za mwili wako hatafuti mfanyakazi.

Kazi za nje ya nchi

Familia nyingi za pwani na visiwani zina ndugu Oman na nchi nyingine za Ghuba, na wapo walionufaika. Lakini tangazo la mtandaoni la kazi ya nje lahitaji uangalifu maradufu, maana aliyekosea mjini hupanda daladala akarudi, ilhali aliyekosea ng'ambo huweza kunyang'anywa pasipoti. Usisafiri kwa viza ya utalii ukaambiwa kwamba ya kazi utaipata huko. Usisafiri bila mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoifahamu, wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Mkataba upitie kwa mamlaka ya kazi ya nchi yako, na nakala ibaki nyumbani.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaonya wananchi hadharani dhidi ya matangazo ya kazi nchini Thailand. Vijana waliofuata matangazo hayo, wengine wakiwa ni wasomi wenye ujuzi wa kompyuta, walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa katika majumba yenye walinzi wa silaha na kulazimishwa kuwatapeli watu wa mataifa mengine kwa njia ya mtandao. Waliokataa waliteswa. Waliahidiwa mshahara mzuri na tiketi ya bure, na wengi hawakuwa wajinga. Walikosa mtu wa kuwaambia "ngoja tuhakiki".

Wajibu wa nyumba

Mtu huyo wa kusema "ngoja tuhakiki" anatakiwa awe nyumbani, na hatakuwapo kama kila mazungumzo ya kazi huishia kwenye lawama. Kijana aliyezoea kuitwa mvivu huficha tangazo alilolipata mpaka aje na mafanikio. Na laghai hupenda sana siri hiyo.

Tunapendekeza mambo mepesi. Kijana awe na saa maalumu za kutafuta kazi, kwa mfano saa mbili kila asubuhi, na baada ya hapo simu iwekwe chini ashike shughuli nyingine: dukani, shambani, kujitolea katika fani yake, au kusoma kozi za bure zilizomo humo humo mtandaoni. Daftari lake lionyeshe tarehe, mwajiri, nafasi, siku ya mwisho, na jibu. Kila mwisho wa wiki, pengine baada ya swala ya Isha, akae na mzazi walipitie. Mzazi si lazima ajue kompyuta. Maswali yake ni matatu: umeomba wapi, umejuaje kwamba ni wa kweli, na unahitaji nini? Fedha ya bando ikitolewa kwa utaratibu huo haitakuwa tena chanzo cha ugomvi. Na pakitokea anayedai fedha, kuwe na makubaliano ndani ya nyumba kwamba haitumwi senti mpaka watu wawili waliokomaa walitazame jambo hilo kwa siku moja kamili.

Nasi tulio na ajira tuna sehemu yetu. Ukiona nafasi ofisini kwako, isambaze pamoja na anwani ya chanzo chake na tarehe ya mwisho. Ukipata nusu saa baada ya swala ya Alasiri, pitia wasifu wa kijana mmoja wa mtaani kwako, umwonyeshe palipopinda. Msikiti wenye wahasibu, walimu, wauguzi na mafundi katika safu zake hauwezi kukosa watu watano wa kuwasaidia vijana Jumamosi moja kwa mwezi.

Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na sababu tumeachiwa sisi tuzishughulikie. Simu ni mojawapo ya sababu hizo. Ikishikwa na mwenye mpango, mkweli na mwangalifu, humfikisha kijana wa Kigoma au Pemba kwa mwajiri ambaye babu yake asingemfikia kwa mwezi mzima wa safari. Ikishikwa ovyo, humaliza bando, humaliza siku, na mara nyingine humaliza akiba ya mama.

Wiki ijayo, inshaallah, tutaendelea na usaili wenyewe: namna ya kujiandaa kwa mtihani wa mchujo na kwa mahojiano ya ana kwa ana.

Wabillahi tawfiiq.